Timu Ilikuwa ya Nani? Msimu wa Carlisle wa Mwaka 1912

Hotuba hii niliitoa mbele ya mkutano wa walimu wa michezo na manahodha wa timu za vyuo. Waliokosa kufika wameiomba, kwa hiyo naiweka hapa kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani.

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, makocha, manahodha, na ninyi wanafunzi mliokaa kule nyuma karibu na mlango mkiisubiri chai:

Nimeombwa nizungumzie msimu mmoja wa timu moja. Nami nimechagua msimu ambao hakuna hata mmoja wetu humu aliyeuona, wa mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza, katika nchi ya mbali. Ni msimu wa mwaka 1912 wa timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya Carlisle, jimbo la Pennsylvania. Timu hiyo ilicheza mechi 14, ikashinda 12, ikatoka sare moja, ikafungwa moja. Ilijikusanyia pointi 504. Ukiyasoma matokeo hayo katika jedwali utasema ilikuwa timu kali, kisha utafunga kitabu. Mimi naomba leo tuliache jedwali, tuulize swali ambalo sisi walimu wa michezo hatupendi kuulizwa: timu hii ilikuwa ya nani?

Kwanza, mchezo wenyewe. Huu si mpira wetu wa miguu. Unachezwa kwa mpira wenye umbo la yai, timu moja ikijaribu kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa upande wa pili kwa kukimbia nao au kuurusha, na timu ya pili ikimwangusha chini aliyeubeba. Kuufikisha kule ndiko kunakoitwa tachidauni. Unaweza pia kuupiga kwa mguu upite juu ya mwamba wa goli, ukapata pointi pungufu kuliko za tachidauni. Hayo yanatosha kwa leo. Anayetaka zaidi anifuate baada ya chai.

Sasa shule. Carlisle haikuwa chuo, ingawa ilicheza na vyuo vikubwa kuliko vyote nchini. Ilianzishwa mwaka 1879 katika kambi kuukuu ya jeshi na ofisa aitwaye Richard Henry Pratt, kwa ajili ya watoto wa wenyeji asilia wa Marekani, yaani Walakota, Waojibwe, Waapache na mataifa mengine mengi yaliyokuwa yamenyang'anywa ardhi na kusukumwa katika maeneo waliyotengewa na serikali. Pratt hakuficha nia yake. Alisema waziwazi kwamba lazima umuue Mhindi (ndivyo wazungu walivyowaita wenyeji hao, si watu wa India) aliyemo ndani ya mtu ili umwokoe mtu. Watoto walinyolewa nywele, wakavuliwa mavazi ya kwao, wakavishwa sare za kijeshi na kukatazwa kusema lugha za mama zao. Nusu ya siku walisoma, nusu walifanya kazi. Wengi walipelekwa kukaa na familia za wazungu, mashambani na majumbani, wakifanya kazi kwa ujira mdogo.

Luther Standing Bear, Mlakota aliyekuwa miongoni mwa watoto wa kwanza kufika, alisimulia baadaye jinsi mwalimu alivyoandika ubaoni alama ambazo hakuna mtoto aliyezielewa, kisha akampa kila mmoja fimbo aelekeze alama mojawapo. Alama aliyoigusa ikawa ndiyo jina lake. Hebu fikirini, ndugu zangu: mtoto anachagua jina lake asiloweza kulisoma, na kuanzia siku hiyo anaitwa Luther. Wako humu waliowahi kuvishwa kibao shingoni shuleni kwa kosa la kuongea lugha ya nyumbani. Nawaona mnatabasamu, lakini si tabasamu la furaha.

Katika shule ya namna hiyo, timu ni ya nani?

Hapa kuna kisa alichokisimulia Pratt mwenyewe. Vijana walipoanza kucheza futiboli, mmoja wao alivunjika mguu katika mechi dhidi ya chuo jirani cha Dickinson. Pratt akaupiga mchezo huo marufuku. Baada ya muda, vijana wapatao arobaini walikwenda ofisini kwake, na msemaji wao akatetea hoja kwa ufasaha hivi kwamba mkuu huyo wa kijeshi akalegea. Aliwapa masharti mawili. La kwanza, wasimpige mtu ngumi uwanjani hata akiwaanza, kwa sababu watazamaji watasema hao ni washenzi. La pili, kabla ya miaka mingi kupita, waifunge timu kubwa kuliko zote nchini. Vijana wakakubali yote mawili.

Nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila mara nakwama palepale. Nani aliyeomba? Vijana ndio walioomba. Katika shule ambako kila kitu walichokuwa nacho kilikuwa kimechaguliwa na mtu mwingine, hata jina, hiki walikiomba wenyewe. Na nani aliyeweka masharti? Mkuu wa shule. Mpira ulikuwa wao, lakini sababu ya kuruhusiwa kuucheza ilikuwa ya mwingine. Mvutano huo haukwisha mpaka shule ilipofungwa mwaka 1918.

Mwaka 1899 alifika kocha Glenn Warner, aliyejulikana kwa jina la utani la Pop. Alikuta vijana wepesi kwa uzito kuliko wapinzani wao, na wachache. Shule ilikuwa na wanafunzi wapatao elfu moja, lakini ndani ya hesabu hiyo walikuwamo wasichana na watoto wadogo. Mchezo wa enzi hizo ulikuwa wa kusukumana: mashada ya wanaume wazito wakigongana vichwa kwa vichwa, mwenye kilo nyingi ndiye mwenye haki. Mwepesi atafanya nini? Atatumia akili na mbio.

Mfano ninaoupenda ni wa mwaka 1903, mechi dhidi ya chuo kikuu cha Harvard. Warner alikuwa amemwomba fundi cherehani aweke lastiki kwenye pindo la jezi za vijana wake. Kipindi cha pili kilipoanza, Harvard walipiga mpira, Jimmy Johnson akaudaka, na wenzake wakamzunguka kwa migongo kama kundi la watu wanaomsitiri mtu anayebadilisha nguo. Katikati ya duara lile Johnson aliuchomeka mpira ndani ya jezi ya Charles Dillon, mgongoni. Kisha wote wakatawanyika mbio, kila mmoja akijikumbatia tumbo kana kwamba yeye ndiye mwenye mpira. Vijana wa Harvard walimwangusha huyu, hana. Wakamwangusha yule, hana. Dillon alikimbia uwanja mzima mikono ikipunga mitupu, nundu mgongoni, watazamaji wakiangua kicheko kabla Harvard hawajatambua kilichotokea. Alipovuka mstari hakuweza hata kuutoa mpira mwenyewe. Mwenzake ndiye aliyemtolea. Mwishoni Harvard walishinda kwa pointi 12 dhidi ya 11, lakini mwaka gani mtu husimulia ushindi ule wa Harvard?

Mchezo wa kusukumana ulikuwa unaua. Katika msimu wa 1905 vijana kadhaa walikufa viwanjani, na Rais Theodore Roosevelt akawaita Ikulu wawakilishi wa Harvard, Yale na Princeton ili wautakase mchezo kabla haujapigwa marufuku. Mwaka uliofuata pasi ya mbele, yaani kumrushia mwenzako mpira kwa mkono kuelekea mbele, ikaruhusiwa. Vyuo vikubwa viliiona kama kichekesho. Carlisle waliiona kama mlango. Mwaka 1907 walikwenda Philadelphia wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Pennsylvania pointi 26 kwa 6, wakirusha mpira mbali huku ukizunguka angani kama pia. Kisha mwaka 1912 sheria zikabadilishwa tena: uwanja ukapunguzwa kutoka yadi 110 hadi 100, tachidauni ikapanda kutoka pointi tano hadi sita, na timu ikapewa majaribio manne, badala ya matatu, ya kusogeza mpira yadi kumi. Mnaona kilichotokea? Kila badiliko liliupunguzia uzito thamani na kuiongezea mbio. Sheria ziliwafuata Carlisle kule walikokuwa tayari wamefika.

Na sasa nimtaje yule ambaye mmekuwa mkimsubiri.

Jim Thorpe alikuwa wa taifa la Sac na Fox, mzaliwa wa eneo ambalo leo ni jimbo la Oklahoma. Inasimuliwa kwamba mwaka 1907 alikuwa akipita kando ya uwanja akiwa na nguo zake za kazi, akawaona wenzake wakishindwa kuruka juu ya fito iliyowekwa futi tano na inchi tisa. Akaomba ajaribu. Wakacheka. Akaruka, akaenda zake. Kesho yake Warner alimwita ofisini, na Thorpe akadhani ameitwa kwa sababu ya kosa. Kijana wa shule ile, akiitwa na mkubwa, angedhani nini kingine?

Mwaka 1911 aliifunga Harvard mikwaju minne ya goli huku mguu ukiwa umefungwa bandeji, Carlisle wakashinda 18 kwa 15. Kiangazi cha 1912 alikwenda Stockholm katika Michezo ya Olimpiki akarudi na dhahabu mbili, ya pentathloni (michezo mitano) na ya dekathloni (michezo kumi). Miezi miwili baadaye alikuwa amevaa tena jezi ya Carlisle.

Msimu wenyewe, basi. Mechi za mwanzo zilikuwa za kupasha mwili: Albright, Lebanon Valley, Dickinson, Villanova, zote zikakung'utwa. Chuo cha Washington na Jefferson wakawabana, sare ya bila kwa bila, Thorpe akikosa mikwaju ambayo siku nyingine angeipiga huku anapiga soga. Syracuse, waliowafunga mwaka uliotangulia, walipigwa 33 bila. Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba timu ilicheza na Georgetown mjini Washington ikashinda 34 kwa 20, na Jumatatu ya tarehe 28 ikawa iko Toronto, Kanada, ikicheza tena na kushinda tena. Jumamosi nchi moja, Jumatatu nchi nyingine, katikati treni! Makocha mlioko hapa, mngekubali ratiba hiyo? Ratiba hiyo haikupangwa kwa faida ya miguu ya vijana. Ilipangwa kwa faida ya viingilio. Carlisle hawakuwa na uwanja mkubwa nyumbani, na fedha zilikuwa kwenye miji mikubwa, ambako watu walilipa kuwaona Wahindi wakicheza. Kwa hiyo walikuwa njiani karibu msimu mzima.

Tufike West Point, kwa sababu huko ndiko msimu huu ulikolala.

Tarehe 9 Novemba 1912 Carlisle walikwenda kucheza na timu ya chuo cha maofisa wa jeshi la Marekani. Naomba mtulie hapa kidogo. Haikuwa imetimia miaka 22 tangu kikosi cha Saba cha Wapanda Farasi, cha jeshi hilohilo, kuua mamia ya Walakota pale Wounded Knee, wakiwemo wanawake na watoto, mwezi Desemba 1890. Vijana waliokuwa wakifunga kamba za viatu siku ile walikuwa wamezaliwa karibu na mwaka huo. Gus Welch, Mojibwe aliyekuwa akiongoza mashambulizi ya Carlisle, alikumbuka baadaye kwamba Warner aliwaambia wafikirie baba na babu zao, na askari waliopigana nao. Kocha mzungu, mwajiriwa wa shule iliyojengwa ili kufuta kumbukumbu hiyo, alihitaji kumbukumbu hiyo kwa dakika sitini. Mimi sijui kama nicheke au nilie.

Jeshi walitangulia kupata tachidauni. Hadi mapumziko Carlisle walikuwa mbele kwa pointi moja tu, 7 kwa 6. Hapo Warner alikuwa amekuja na mpangilio mpya, wenye washambuliaji wawili waliosogezwa pembeni, karibu na mstari wa mbele, hivi kwamba Jeshi hawakujua kama mpira utapita kulia, kushoto, katikati au hewani. Wazito walibaki wakigeuka kama mtu anayetafuta mbu gizani. Nahodha wa Jeshi, Leland Devore, aliyekuwa mtu wa miraba minne, alichoshwa na Joe Guyon, Mojibwe aliyekuwa akimkabili, mpaka hasira zikampanda akamvamia, na mwamuzi akamtoa nje. Mnakumbuka sharti la kwanza la Pratt? Msipige ngumi, watasema ninyi ni washenzi. Siku ile aliyetolewa kwa kupigana alikuwa ofisa mtarajiwa.

Katika kikosi cha Jeshi alikuwamo kadeti Dwight Eisenhower, ambaye baadaye angekuwa jenerali na Rais wa Marekani. Inasimuliwa kwamba yeye na mwenzake walipanga kumgonga Thorpe kwa pamoja, mmoja juu na mwingine chini, ili wamtoe mchezoni. Mara ya kwanza walimpata, lakini akainuka akaendelea. Mara nyingine alisimama ghafla, wale wawili wakagongana wenyewe. Hapa nirekebishe jambo, maana linaandikwa vibaya kila mahali: si Thorpe aliyelivunja goti la Eisenhower. Goti lile liliumia wiki iliyofuata, katika mechi na Tufts. Thorpe ana sifa za kumtosha; hana haja ya kuongezewa goti la rais.

Matokeo: Carlisle 27, Jeshi 6.

Wiki moja baadaye, wakiwa bado na uchovu wa ushindi, walifungwa na Pennsylvania 34 kwa 26. Inasemekana Thorpe aliiacha pasi moja ndefu ya wapinzani akidhani haitamfikia mtu, ikamfikia mchezaji wao. Wakawafunga Springfield kwa tabu, na tarehe 28 Novemba, Sikukuu ya Shukrani, wakamaliza kwa kuwapiga Brown 32 bila. Jezi ile Thorpe hakuivaa tena.

Ndugu zangu, jedwali linaishia hapo. Msimu hauishii hapo.

Januari 1913 gazeti moja la Massachusetts lilifichua kwamba Thorpe alicheza besiboli ya kulipwa katika jimbo la North Carolina mwaka 1909 na 1910. Malipo yalikuwa kidogo, lakini sheria ya Olimpiki ya wakati huo haikumruhusu mchezaji aliyewahi kulipwa hata senti. Wanafunzi wengi wa vyuo walifanya hivyohivyo kila kiangazi, ila wao walitumia majina ya uongo. Thorpe alitumia lake. Aliandika barua ya kukiri na kuomba afikiriwe, akisema alikuwa mwanafunzi wa Kihindi tu, asiyejua mambo hayo. Warner alisema hakuwa na habari. Kocha aliyejua uzito wa kila mchezaji na lastiki ya kila jezi, hakuwa na habari mchezaji wake bora alikuwa wapi kwa miaka miwili! Kanuni zilitaka malalamiko yaletwe ndani ya siku thelathini baada ya Michezo. Nusu mwaka ulikuwa umepita. Medali zilichukuliwa hata hivyo. Thorpe alifariki mwaka 1953 bila kuziona tena. Mwaka 1982 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kumrudishia heshima, lakini kwa kugawana na waliomfuata; mpaka 2022 ndipo ikamtambua kuwa mshindi pekee.

Mnaniuliza, na fedha je? Hapo ndipo Gus Welch anaporudi, na kwangu mimi huyu ndiye shujaa wa kisa hiki, ingawa sanamu ni za mwenzake. Fedha za viingilio ziliingia katika mfuko wa michezo uliokuwa nje ya hesabu za kawaida za serikali, zikijenga majengo ambayo wageni walionyeshwa kwa fahari, wakati wanafunzi wadogo wakilalamika kuhusu chakula. Welch alizunguka na karatasi akikusanya sahihi za wanafunzi wenzake kuomba uchunguzi. Mwaka 1914 kamati ya Bunge la Marekani ilifika Carlisle ikakaa na kuwasikiliza. Wachezaji walisimama wakatoa ushahidi dhidi ya kocha wao: matusi, kamari, uuzaji wa tiketi. Mkuu wa shule wa wakati huo aliondolewa. Warner aliondoka akaenda kufundisha Pittsburgh, akaendelea kushinda.

Tazameni basi vijana hao walivyoanza na walivyomaliza. Karibu robo karne kabla, arobaini waliingia ofisini kuomba waruhusiwe kucheza. Sasa walikuwa wakiuliza hesabu.

Nimeambiwa dakika zangu zimekwisha na chai inapoa, nami nina jambo moja tu lililobaki. Kambi ya Carlisle ilirudi mikononi mwa jeshi, na leo ni chuo cha vita cha maofisa wa ngazi ya juu. Ndani ya kambi kuna makaburi ya wanafunzi zaidi ya 180 waliokufa wakiwa shuleni, wengi kwa maradhi, mbali na wazazi wao. Tangu 2017 familia zimekuwa zikija kuwachukua, Waarapaho wa Kaskazini wakiwa wa kwanza. Na uwanja waliofanyia mazoezi vijana wale bado upo. Maofisa wa jeshi hukutana hapo kushindana kwa mbio na michezo mingine, na mashindano hayo yanaitwa kwa jina la Jim Thorpe.

Ahsanteni.